Fundi Asiyekaripiwa

Miaka ile ya hamsini nilikuwa Kampala, pale Katwe, nikitengeneza baisikeli. Kibanda kilikuwa changu, spana zilikuwa zangu. Darasani niliingia nikatoka kabla kiti hakijapata joto, na niliondoka nyumbani Thika nikiwa kijana wa kubeba magunia, lakini haikuchukua muda mrefu Waganda wenye suti wakawa wanasimama nje ya kibanda changu wakingoja mimi nimalize chai. Sijisifu. Nasema ilivyokuwa.

Katwe tulikuwa Wakikuyu wachache, na jioni mazungumzo yetu yalikuwa mawili: nyumbani kukoje, na nani anajua fundi mwaminifu. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, serikali ilikuwa imebomoa nyumba za watu kule kwetu na kuwasukuma wote katika vijiji, kibanda kimebanana na kibanda, mfereji wa ulinzi umezunguka. Sasa mambo yalikuwa yamelegea. Mashamba yalikuwa yamepimwa, kila mtu ameonyeshwa kipande chake, na ruhusa ya kurudi shambani kujenga ilikuwa imeanza kutoka. Kila mtu aliyekuwa mbali alitaka kujenga nyumba ya mawe kwao, na kila mtu alikuwa na kisa cha fundi.

Jirani yangu, mshona viatu wa kutoka Murang'a, alijengewa na binamu yake. Alipofika nyumbani kuiona nyumba aligonga kichwa mlangoni. Binamu alikuwa amepima mlango kwa kimo chake mwenyewe, na alikuwa mtu mfupi.

"Nikamuuliza," mshona viatu akatuambia, "mbona umenijengea mlango wa kuku? Akasema, 'Mimi napita vizuri.'"

Mwingine alijengewa nyumba nzuri sana, isipokuwa jiko lilikuwa katika shamba la jirani. Jirani akawa anapika humo.

Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilijua yangu haitakuwa hivyo. Mimi ninayeweza kusikia baisikeli ikipita barabarani nikajua ni mpira upi umekwisha, fundi atanidanganya na nini?

Lakini haraka nilikuwa nayo. Mama alikuwa bado kijijini. Kibanda chake cha kijijini kilikuwa kidogo, moshi hauna pa kwenda, na macho yake yalikuwa yanalia mchana kutwa kama mtu aliyefiwa. Majirani zake walikuwa wameanza kung'oa miti ya vibanda vyao na kuhamia mashambani. Mfanyabiashara mmoja wa viazi aliyekuwa akija Kampala kwa gari la moshi aliniletea neno lake.

"Mama anasema, mwambie Baba watu wanahama. Anasema atabaki na panya."

Baba ni mimi. Mimi ni mtoto wa pili wa kiume, na kwetu mtoto huyo hupewa jina la babu mzaa mama. Kwa hivyo mama alikuwa akiniita Baba, kwa heshima zote, hata alipokuwa anatafuta fimbo ya kunichapa. Kaka yangu mkubwa alifariki mdogo, na baba mzazi hakuwepo tena. Mwenye kujenga nilikuwa mimi peke yangu.

Nikafunga kibanda, nikashika gari la moshi.

Nilifika Thika mvua fupi zikinyesha, na hilo nililipanga. Mimi sitazami nyumba wakati wa jua. Wakati wa jua kila nyumba ni nzuri. Niliazima baisikeli nikazunguka na mvua ikinipiga, kutoka Kiganjo mpaka upande wa mashamba ya mkonge, nikiuliza nyumba hii ya mawe ilijengwa na nani. Nilitazama maji yanaingilia wapi. Halafu sikumwuliza mwenye nyumba, kwa maana mwenye nyumba ameshaingia hasara na hataki kuchekwa. Nilimwuliza jirani: "Huyu fundi alipomaliza kazi, yeye na mwenye nyumba walibaki wakisalimiana?" Wengi waliguna tu. Kuguna ni jibu.

Pale Thika mjini nilikutana na fundi mmoja aliyevaa koti na kofia ya manyoya, akanishika mkono hakuuachilia.

"Bwana, mimi nimejenga mpaka nyumba za Wazungu."

"Wazungu hao wako wapi nikawaulize?"

"Walirudi kwao."

"Kwa sababu ya nyumba?"

Akauachilia mkono.

Nilipochoka nikateremka Ruiru kumwona dada yangu. Mume wake alikuwa fundi wa mawe katika shamba moja la kahawa la Mzungu, na walikuwa wanakaa hapo hapo kwenye nyumba za wafanyakazi. Mvua ilikuwa inamwagika. Nikasimama chini ya mti wa mvinje nikaangalia zile nyumba, mstari mzima, na hakuna hata moja iliyokuwa na alama ya maji ukutani. Kuta zimenyooka kama watu walioitwa mbele ya D.O., yule mkubwa wa serikali. Nikapitisha kidole katikati ya mawe. Simiti imejaa vizuri, haina shimo.

Nikamwuliza mwanamke mmoja, jirani wa dada, aliyekuwa anakinga maji ya paa, "Hizi nyumba zilijengwa na nani?"

Akanitazama kama mgonjwa. "Si shemeji yako!"

Ningeweza kucheza ngoma pale kwenye matope. Nimezunguka Thika nzima nikilowa, kumbe fundi yuko katika ukoo! Mtu mpole, asiyekunywa, mwenye mwiko unaong'aa kwa kuoshwa. Shamba la kahawa halikuwa na kazi ya kujenga mpaka baadaye, kwa hivyo alikuwa huru miezi yote ya jua. Angeanza mvua ikikatika, amalize kabla ya mvua ya njahi, zile mvua ndefu ambazo ziking'ang'ania hazina huruma. Tukapatana kabla chai haijapoa.

Dada yangu alikuwa jikoni akikoroga uji, mtoto mchanga mgongoni. Nikamwambia, "Mume wako atamjengea Mama."

Akaacha kukoroga. "Umefikiria?"

"Nifikirie nini? Nimeona kuta."

"Haya."

Akarudi kukoroga. Mwanamke akikwambia haya namna hiyo, keti chini umwulize. Mimi sikuketi. Nilikuwa na baisikeli ya kurudisha.

Siku ya kupima, tulikutana shambani watu watatu. Shemeji alivua kofia kwa mbali na kumsalimu mama akiangalia ardhi. Mama akajibu akiwa kule kwenye ua wa miti mpakani, amejifunika leso mpaka kwenye nyusi. Nikaona vizuri, watu wana adabu. Nikachukua vijiti vyangu nikaanza kuchomeka kama Mzungu wa kupima mashamba.

"Hapa mlango. Hapa chumba cha kukaa. Hapa stoo. Na hapa," nikasema kwa sauti kubwa ili mama, ambaye kwetu huitwa Maitu, asikie afurahi, "hapa ndipo kitanda cha Maitu kilikuwa, kabla hawajabomoa ile nyumba ya zamani. Na hapa hapa ndipo kitarudi!"

Shemeji alikuwa amesimama hapo hapo. Aliruka nyuma akakung'uta mguu. Nilidhani ni siafu.

Nikarudi Kampala nikaendelea na kazi. Habari zilikuwa zinakuja na yule mtu wa viazi.

"Mama anasema mkwe wake ni mtu mzuri."

"Na nyumba?"

"Anasema mkwe anakula vizuri."

Safari nyingine: "Mama anasema mkwe ni mtu wa heshima sana."

"Umeiona nyumba?"

"Mimi nilipita mbio. Lakini mkwe, anasema, hana neno."

Nikawaambia watu wa Katwe: mnaona? Mlikuwa mnatafuta fundi kwa kuuliza uliza, mimi nimetafuta kwa macho. Mshona viatu akaacha sindano hewani.

"Mbona hakuna anayetaja mabati?"

"Wewe wivu wa mlango wako utakuua," nikamwambia.

Halafu mtu wa viazi akaja tena. Safari hii hakutaja mkwe. Akasema, "Mama anauliza, huko Kampala mvua huanza lini?"

Mama yangu hakuwahi kuuliza habari ya Kampala hata siku moja. Kwake yeye Kampala ilikuwa mahali pa kunichelewesha tu. Nikamtazama yule mtu, nikaanza kukusanya spana.

Nikafika nyumbani mawingu yameanza kujipanga upande wa mlimani. Kutoka njiani nyumba ilikuwa inapendeza, nitasema ukweli. Mawe ya kijivu, yamechongwa safi, madirisha yamekaa mahali pake, mabati yanang'aa. Nikatembea kifua mbele. Nikapita mlangoni, nikazunguka upande, nikafika nyuma.

Nyuma hapakuwa na kona.

Nyumba ilikuwa imefika pale kwenye chumba cha mama ikasimama, kama mtu aliyeng'olewa magego. Kuta zimekatika pande mbili, mabati yamekomea hapo, na ndani nyasi zimeota. Vijiti vyangu vilikuwa bado vimesimama katikati ya zile nyasi, hakuna aliyevigusa.

Shemeji alikuwa ameketi kwenye kigoda anachonga jiwe. Pembeni yake palikuwa na rundo la mawe yaliyochongwa mpaka yakachongeka tena.

"Shemeji," nikasema, "hapa nyumba imeliwa na nini?"

"Karibu shemeji. Umefika salama?"

"Nimefika. Hapa kuna nini?"

"Mawe yake yako tayari."

"Mawe nimeyaona. Simiti ilikwisha?"

"Iko."

"Uliugua?"

"Mimi mzima, Mungu anasaidia."

"Basi?"

Akapuliza vumbi kwenye jiwe. Akaligeuza. Akapuliza upande ule mwingine, ambao haukuwa na vumbi.

"Wewe ulisema ndipo atalala," akasema.

"Nilisema."

"Na ukasema ndipo alikuwa akilala."

"Ndiyo."

"Sasa mimi niingie hapo na miguu yangu?" Akaniangalia kwa huruma. "Shemeji, umekaa Kampala sana."

Ndipo nikaketi chini, kwenye mawe yake. Kwetu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana namna ambayo mtu wa nje anaweza kucheka. Hawakai pamoja, hawali mbele ya mwenzake, hawabishani. Mahali anapolala mama mkwe, mwanamume aliyeoa binti yake hakanyagi. Na mkwe hakaripiwi. Mkwe akija kwako akakalia kuku, wewe unamwuliza kama kuku yule ni laini. Mimi haya yote nilikuwa nayajua tangu mtoto, lakini nilipoona zile kuta za Ruiru nilikuwa natafuta mwiko, sikukumbuka kwamba nyuma ya mwiko kuna mtu, na kwamba mtu huyo alimwoa dada yangu. Nilikuwa nimezunguka wilaya nzima kuchagua fundi, nikamchagua yule mmoja ambaye mama yangu hakuweza kumwambia kitu.

Na hakumwambia. Kila siku alikuwa anamtengenezea mkwe chakula cha wageni, irio ya viazi na mahindi, na kitoweo, anakiacha kwenye jiwe na kwenda kujificha. Mkwe naye angeonekanaje kukataa? Alikula, akashukuru hewani, akapumzika kidogo kwa adabu. Kazi ikaenda mwendo wa harusi.

Niliwaona jioni ile ile wakizungumza, kama kule ni kuzungumza. Mama alikuja mpaka kwenye ua na mbuzi wake, akasimama akiwa ametupa mgongo.

"Wewe mbuzi," akasema, "unaona lile dirisha? Mimi si fundi. Lakini kama lingekaa mkono wa kulia, jua la asubuhi lingeingia ndani. Ni maneno tu, wewe kula."

Shemeji akainua nyundo yake akaitazama. "Nyundo, mawe yakishashikana na simiti hayahamishwi. Ungeambiwa mapema."

"Mbuzi, wewe ungemwambia nani mapema? Una mdomo wewe?"

"Hata jua la jioni ni jua, nyundo."

Nikawauliza, "Na hii kona je, hamjaiambia mbuzi?"

Mama akavuta leso na kuondoka haraka, mbuzi akiburutwa. Shemeji akaangalia miguu yake. Mambo ya kitanda hata mbuzi haambiwi.

Nikamfuata mama mpaka kijijini. Haiya, kijiji kilikuwa kimekwisha. Vibanda vilivyobaki vilikuwa kama meno ya mzee, kimoja huku, kimoja kule, na katikati mashimo ya miti iliyong'olewa. Cha mama paa lilikuwa limezama. Aliingia ndani, akaanza kupuliza moto, na macho yake yakaanza kazi yake ya kulia.

"Maitu," nikamwambia, "stoo imekwisha, ina paa. Lala stoo. Ile kona tuifanye stoo. Mkwe wako ataijenga leo leo, kwa sababu haitakuwa chumba chako."

Aliendelea kupuliza.

"Maitu, mvua imefika. Hapa ukilala utaamkia mtoni."

"Baba, sikiza." Akakaa sawasawa. "Pale niliwazaa nyinyi. Waliponiambia nitoe vitu wabomoe, kitanda ndicho kilitoka mwisho, na nilikitoa mimi. Miaka hii yote nimelala hapa kama mgeni. Sikusema kitu, kwa sababu mgeni husema nini? Sasa nirudi kwangu, na kwangu nilale tena kama mgeni, kati ya magunia?"

"Ni kwa muda tu..."

"Muda nimeuona. Nilale hapa mpaka uone vile utafanya. Wewe si ndiye mjuaji wa Kampala?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Asubuhi nikarudi kwa shemeji. Nikasema, polepole, kama mtu anayepita kwenye miiba, kwamba labda tungeazima fundi mwingine kutoka Thika, kwa ile kona tu. Shemeji hakukataa. Alianza kuosha mwiko wake, akaupangusa, akautia kwenye gunia. Akaitia na nyundo.

"Unaenda wapi?"

"Siendi mahali. Lakini watu wakipita waone fundi mwingine kwenye nyumba ya mama mkwe wangu, vitu vyangu vinafaa viwe vimefungwa."

"Toa mwiko," nikasema.

"Nitoe?"

"Nipe mimi huo mwiko. Kona nitajenga mimi."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vya Kampala. "Wewe."

"Mimi. Nimefungua gia za baisikeli za aina zote. Jiwe lina gia?"

Basi tukaanza. Mimi ndani, kwenye nyasi zangu na vijiti vyangu. Yeye nje ya mstari wa msingi, amegeuza uso, asione hata ndani. Kijana aliyekuwa akitukorogea simiti alikuwa anacheka mpaka anamwaga maji. Shemeji alikuwa akinifundisha kwa masikio. Nikiweka jiwe, anasema, "Gonga." Nagonga. "Limekaa juu ya hewa. Toa." Natoa, naongeza simiti, naweka. "Gonga. Sasa limelala vibaya."

"Limelala vile nimelilaza."

"Ndiyo hiyo nasema."

"Wewe unaona na mgongo?"

"Nasikia. Shika kamba yako iwe ngumu, shemeji, si ya kuanikia nguo."

Mpole nyumbani kwake, mpole njiani, lakini kwenye jiwe, Ngai, alikuwa askari. Makaripio yote ambayo mama hakuweza kumpa yeye, nadhani alikuwa ameyaweka mahali, na sasa akayatoa yote kwangu. Watu waliokuwa wanahamia mashamba yao walikuwa wanapita na mabati na vitanda kichwani, wanasimama kutazama: mtu wa Kampala ndani ya shimo ana simiti mpaka kwenye nywele, na fundi wa kweli nje amegeuka kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Mnacheza nini hapo?" mzee mmoja akauliza.

"Tunajenga!" nikamjibu.

"Oh. Nilidhani mmekosana."

Mawingu yalikuwa yanashuka kila mchana. Mara mbili yalinguruma na kutusamehe. Vidole vyangu vilichubuka, vikakataa kukunjwa, na nikajua kwamba baisikeli ni kazi ya mtu aliyeketi. Ukuta ukapanda. Haukupanda ukiwa umenyooka, lakini ulipanda. Nilipofika juu kwenye paa, shemeji alikaa upande wa chumba cha kukaa akinipokeza mabati na misumari, na mimi ndiye niliyepigilia, nikipiga kidole, nikipiga msumari, kwa zamu.

Siku tuliyopigilia bati la mwisho, upepo uligeuka ukaanza kunuka vumbi lililoloweshwa mbali. Dada alikuwa amefika kutoka Ruiru na mtoto wake. Mimi na yeye tukakimbia kijijini tukabeba kitanda, sanduku na vyungu. Mama hakukimbia. Alichota makaa ya moto kutoka mekoni mwake, akayaweka kwenye kigae cha chungu, akayafunika na kigae kingine, kwa maana nyumba mpya haiingiwi bila moto. Akatoka nje ya kile kibanda bila kugeuka. Alitembea njia nzima amekumbatia makaa yale, matone makubwa yakianza kupiga majani ya migomba, sisi tukimwita afanye haraka, yeye akitembea vile vile.

Aliingia mlangoni, na mbingu ikafunguka.

Kelele za mvua kwenye bati jipya hazifanani na kitu kingine. Hatukuweza kusikizana. Dada akapanga mafiga jikoni, mama akawasha moto wake, na mimi nikasimama katika ile kona nikiangalia juu, nikingoja tone. Kwa kweli nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa jambo lolote Kampala. Mvua ilipiga, ikapiga, ikatafuta. Kulikuwa na unyevu kidogo karibu na dirisha, lakini tone halikuja.

Shemeji alikuwa nje, amejibana ukutani chini ya paa. Mama akanipa kikombe cha uji nimpelekee, kimejaa mpaka juu.

"Mwambie," akasema, halafu akafikiri. "Usimwambie kitu. Mpe tu."

Kulipokucha mvua ilikuwa imepumzika. Mama akatoka nje, leso begani, macho makavu. Nilikuwa nakunywa chai mlangoni.

"Ulilala, Maitu?"

"Nililala mpaka jua likaniaibisha."

Akazunguka nyuma, akasimama mbele ya ile kona yangu. Akainamisha kichwa upande mmoja, akakiinamisha upande wa pili. Nikamwona anavuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyefunga mdomo miezi mingi.

"Baba!" akaita, na sauti ilifika barabarani. "Huu ukuta ulijenga ukiwa umelewa? Hili jiwe linaenda wapi, sokoni? Kuja hapa! Na hili dirisha la kule, nani alikwambia jua linatoka upande huo? Na mlango, kwa nini mlango umeangalia njia, unataka wapita njia wote wajue nimepika nini? Kuja uone, mjuaji!"

Nikaenda. Nikapokea yote, la kona, la mlango, na la dirisha ambalo sikuligusa. Nikasema ndiyo Maitu, nitajua siku nyingine. Na yeye akaendelea, mikono kiunoni, amenawiri, anaonyesha jiwe moja moja. Upande wa pili wa nyumba shemeji alikuwa anaosha mwiko wake kwenye ndoo, na nilimsikia vizuri akicheka ndani ya kofia.